Mtu wa Tatu: Kutoka Mshenga hadi Wakala wa Chamazi

Daladala za Chamazi na Mbande zikifika Mbagala Rangi Tatu huiacha Barabara ya Kilwa na kuingia ndani, kwenye nchi ambayo zamani ilikuwa Uzaramo wa minazi, mikorosho na mihogo. Wapenzi wa soka wanaijua Chamazi kwa uwanja wa Azam Complex. Wakazi wake wanaijua kwa mambo mengine: nyumba zinazoongezeka kila baada ya masika, viwanja vilivyouzwa mbele ya mashahidi wa serikali ya mtaa, na vibanda vya mawakala wa fedha vilivyopangana kando ya njia, kila kimoja na mwavuli wa rangi ya kampuni yake.

Wakala wa kibanda cha namna hiyo anafanya kazi kongwe kuliko simu aliyoishika. Anakaa katikati ya watu wawili walio mbali. Anajua nani kamtumia nani, kiasi gani, na mara nyingi kwa shida gani. Historia ya mawasiliano huandikwa kwa kufuata vyombo: ukaja waya, ikaja redio, ikaja simu, ukaja mtandao. Naamini historia ya pwani hii husomeka vizuri zaidi tukimfuata huyu mtu wa tatu. Watu wawili walipozungumza, nani mwingine alikuwepo? Alisikia nini, aliaminiwa kwa lipi, na alipoondolewa, kitu gani kiliondoka pamoja naye?

Mwaka 1903 Mjerumani Carl Velten alichapisha Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotokana kwa sehemu kubwa na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwanachuoni wa upande wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Katika desturi za namna hiyo, mwenye haja ya mke hakujipeleka mwenyewe. Alitumwa mshenga. Mshenga aliyapeleka maneno, akayalainisha palipohitaji kulainishwa, akarudi na jibu, na kazi yake haikuishia kwenye ndoa. Nyumba ikiingia mgogoro miaka mitano baadaye, yeye ndiye aliyeitwa kueleza kilichokubaliwa. Alikuwa mjumbe na kumbukumbu kwa wakati mmoja. Ahadi iliyopita kinywani mwake haikuweza kukanwa kirahisi, kwa sababu yupo mtu aliyeisikia.

Nguvu ya ujumbe wa kinywa ilionekana kwa kishindo mwaka 1905, kusini ya Barabara hii hii ya Kilwa. Wakati huo serikali ya Kijerumani ilikuwa na waya. Zanzibar ilikuwa imeunganishwa na Aden kwa waya wa chini ya bahari tangu 1879, na mwaka 1890 waya ukavuka hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Hata hivyo, habari za mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na dawa yake ya maji zilitembea kwa mnong'ono, kutoka kwa ndugu hadi kwa shemeji, kutoka kwa shemeji hadi kwa mtani, kuvuka mipaka ya makabila, huku watawala wakichelewa kuelewa kinachoendelea. Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete katika nchi ya Wamatumbi, na vita vya Maji Maji vikawa vimeanza. Waya uliwapa Wajerumani wepesi wa kuagiza askari. Mnong'ono uliwapa wenyeji kitu ambacho waya haukuwa nacho: kila aliyeupokea alimjua aliyemletea, na alijua akiuvujisha anamsaliti nani.

Barua ilibadilisha mambo kwa kiasi kidogo kuliko tunavyodhani. Kwenye pwani ya Waislamu watu walikuwa wakiandikiana kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya posta ya kikoloni, lakini kwa wengi barua ilikuwa kazi ya watu wanne: mwenye maneno, mwandishi, mchukuzi na msomaji. Mwaka 1967, miaka 6 baada ya uhuru wa Tanganyika, karibu watu wazima 7 kati ya 10 hawakujua kusoma. Mama aliyepelekewa barua na mwanawe kuli wa bandarini aliisikia kwa sauti ya mtoto wa jirani anayesoma darasa la nne. Mtoto huyo alijua kwamba kaka fulani amefukuzwa kazi, kwamba pesa hazitakuja mwezi huu, kwamba mke wa mjini ana mimba. Mwandishi wa barua alilijua hilo tangu anaanza kuandika, na ndiyo maana barua za zama zile zilijaa salamu na kupunguza siri. Anayeandika "mimi ni mzima, hofu ni kwako" alikuwa anazungumza na baraza zima.

Kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoshika kasi miaka ya 1970 ilipunguza idadi ya wasiojua kusoma hadi takriban mtu mmoja kati ya 10 kufikia 1986, kwa hesabu za serikali. Ndipo barua ikaanza kuwa kitu cha mtu mmoja. Hata hapo, haikufika mlangoni. Mitaa haikuwa na namba za nyumba, hivyo barua zilipitia sanduku la posta la shule, la msikiti, la kanisa au la kiwanda, na kutoka hapo zilisafiri kwa mikono. Nyingine hazikuingia posta kabisa: alipewa kondakta wa basi, pamoja na kiroba cha mchele na maelezo ya mtu wa kumkabidhi stendi. Kwa habari isiyoweza kusubiri ilikuwepo telegramu, iliyolipiwa kwa neno, kwa hiyo msiba ulielezwa kwa maneno matatu au manne na karani wa posta akawa mtu wa kwanza kujua kwamba mzee wa watu hayupo tena.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikaligeuza shirika hilo kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Waliokulia Bara kabla ya miaka ya 1990 hawakuwa na redio nyingine ya ndani ya kuchagua, na Bara haikupata televisheni hadi 1994, wakati Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Wataalamu wa maendeleo huikumbuka RTD kwa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, kisha kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Ni kazi kubwa inayostahili sifa zake. Mimi huvutiwa zaidi na jambo ambalo halikuwa na mpango wa serikali nyuma yake, yaani salamu.

Msikilizaji alinunua kadi ya salamu, akaandika jina lake, mahali alipo, na majina ya anaowasalimu, akaituma Dar es Salaam. Kisha alisubiri. Siku ikifika, mtangazaji aliyasoma majina yote kwa mtiririko mmoja katika Mchana Mwema au Jioni Njema, na kijana wa Temeke akawa amemsalimu mama yake aliye Songea, mjomba aliye Tanga na rafiki aliyehamishiwa Mpanda. Kwa wagonjwa kulikuwa na Ugua Pole. Zilikuwepo pia taarifa za vifo, zenye jina la marehemu, mahali pa maziko, na orodha ya ndugu popote walipo ili wapate habari na wafunge safari. Redio moja ya betri za National ilisikilizwa na nyumba nyingi. Mama wa Songea hata kama hakuwa karibu nayo, jirani alimfuata shambani kumwambia: umesalimiwa.

Tuiangalie salamu hiyo kwa makini. Haikuwa na habari yoyote ndani yake zaidi ya "nipo na ninakukumbuka". Lakini ilisemwa mbele ya taifa. Mwana aliyemtaja mama yake redioni hakuweza tena kusema kwamba amesahau kwao, na mama aliyetajwa alipata heshima kijijini ambayo fedha haikuweza kuinunua. Aliyeachwa nje ya orodha naye alijua, na kila mtu alijua kwamba anajua. Majina yalipangwa kwa uangalifu, wazee kwanza. Walitokea watu waliofahamika nchi nzima kwa salamu tu, wakaunda vyama vya wapenzi wa salamu, wakatembeleana, wakazikana, na kuna waliooana. Mtu wa tatu hapa alikuwa umma wote, na umma ulifanya kazi ya mshenga: ulisikia, ukakumbuka.

Simu ya mezani haikuwahi kushindana na hilo. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilikufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977, Tanzania ikaanzisha shirika lake, na mwaka 1994 simu zikatenganishwa na posta, ikazaliwa TTCL. Katikati ya miaka ya 1990 laini za simu za nchi nzima hazikufika laki moja kwa watu karibu milioni 30. Simu ilikuwa ofisini kwa bosi au kwa tajiri wa mtaa, na aliyepigiwa aliitwa kwa mtoto wa kutumwa. Ni wakati huo ambapo Monique Maddy, mwanamke wa Kiliberia, na wenzake walijaribu Dar es Salaam njia ambayo leo wachache wanaikumbuka. Kampuni yao, iliyokuja kuitwa Adesemi, iliweka mitaani simu za kulipia zisizotegemea waya, ikawapa wateja sanduku la sauti na kifaa kidogo cha kuwaita. Mtu aliachiwa ujumbe, kifaa kikalia kiunoni, akatembea hadi kwenye simu ya barabarani kuusikiliza. Huduma hiyo haikuuona muongo uliofuata. Nadhani inafaa kukumbukwa, kwa sababu ilitambua ukweli mmoja wa jiji hili: mtu maskini alihitaji kupatikana kabla ya kuhitaji kupiga.

Mobitel ilikuwa imeshaanza mwaka 1994, kwa wenye uwezo. Vodacom iliingia mwaka 2000, Celtel mwaka uliofuata, na vocha za kukwangua zikafika magengeni. Miaka ya mwanzo simu ya mkononi ilitumika kama simu ya mezani iliyokatwa waya. Dada mwenye meza, mwavuli na simu moja aliuza dakika, akasimama pembeni huku mteja akizungumza, akisikia yote. Kisha simu za tochi zikashuka bei, na mteja akaondoka na simu yake.

Kilichofuata kilikuwa kubipu. Unapiga, inaita mara moja, unakata. Mwaka 2007 mtafiti Jonathan Donner, aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake Rwanda, alichapisha uchunguzi juu ya kanuni za jambo hili, na kila Mtanzania angezitambua. Mwenye uwezo ndiye anayepiga. Mdogo humbipu mkubwa, mwajiriwa humbipu bosi kwa tahadhari, kijana hambipu msichana anayemtongoza maana amejifedhehesha. Kampuni zilihesabu kubipu kama hasara, na wengine waliuita uchoyo. Kwangu ni ushahidi kwamba watu walikipokea chombo kigeni wakakipandikiza ndani ya taratibu zao za zamani za nani anamdai nani. Binti anayeishi Chamazi na kumbipu kaka yake aliyeajiriwa mjini alikuwa anasema mambo matatu bila kulipa senti: nina shida, wewe una uwezo, na sisi ni ndugu.

Kariakoo, mtafiti Thomas Molony wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alikuwa akifuatilia miaka hiyo hiyo biashara ya viazi na nyanya zinazotoka Iringa. Wafadhili wengi waliamini kwamba mkulima akiwa na simu atajua bei ya soko, na dalali hatamdhulumu tena. Molony alikuta mkulima anaijua bei na bado hawezi kuuza kwingine, kwa sababu fedha za mbegu na mbolea amekopeshwa na mnunuzi yule yule. Simu ilimpa habari. Deni lilimnyima uhuru wa kuitumia. Aliandika pia jinsi wafanyabiashara wengi walivyosita kuiamini sauti ya simu pekee yake: mtu anaweza kusema yuko Makambako kumbe yuko Manzese. Wenye uhusiano wa siku nyingi waliitumia simu kuuimarisha, na wasiojuana walipanda basi wakaonane ana kwa ana kwanza. Katika maandishi yote ya kitaalamu niliyosoma juu ya simu na Watanzania, hili ndilo ninalolirudia mara nyingi zaidi, kwa kuwa linakataa kuipa mashine sifa au lawama isiyo yake.

Chamazi ya leo ilianza kujaa katika miaka hiyo. Dar es Salaam ilikuwa inasukuma watu pembezoni, wengine kwa kodi za nyumba zisizolipika, wengine kwa miradi. Mwaka 2008 maelfu ya wakazi wa Kurasini waliondolewa kupisha upanuzi wa bandari. Kundi mojawapo, lililokuwa tayari limejipanga katika vikundi vya kuweka akiba vya shirikisho la wakazi maskini wa mijini, likisaidiwa na asasi ya Centre for Community Initiatives, lilinunua ekari 30 Chamazi na kuanza kujenga kwa ushirika. Watu waliokuwa wakiishi ukuta kwa ukuta, karibu na meli, vibarua na soko la samaki, walijikuta mwendo wa saa nzima au mbili kutoka walikozoea. Jirani aliyekuwa anaitwa kwa kugonga ukuta sasa alihitaji nauli au salio.

Hapo ndipo simu ilipoacha kuwa anasa. Fundi alitafutwa kwa simu, mnunuzi wa maandazi aliagiza kwa simu, na ujamaa wa Kurasini ukaendelezwa kwa "umeamkaje" za asubuhi. Lakini akiba zile hazikujengwa kwa simu. Zilijengwa na wanawake waliokutana kila wiki, daftari mezani, kila mmoja akiona shilingi ya mwenzake ikihesabiwa. Anayetaka kujua kwa nini ekari 30 zilipatikana aanzie kwenye daftari lile.

Jumatano, tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la jeshi pale Mbagala lililipuka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, nyumba nyingi ziliharibiwa, na wakazi walikimbia kila upande, wengine wakielekea huku Chamazi na Mbande. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao, Chama cha Msalaba Mwekundu kikalazimika kuwaandikisha na kutafuta wenyewe. Mzazi alikuwa na simu. Mtoto wa miaka sita hakuwa nayo, wala hakuwa na namba kichwani. Aliyemrudisha mtoto nyumbani alikuwa mtu mzima asiyemjua, aliyemshika mkono na kumuuliza: wewe mtoto wa nani?

Mwaka mmoja kabla ya mlipuko huo, Aprili 2008, Vodacom ilikuwa imeileta M-Pesa Tanzania, ikitokea Kenya ilikoanza Machi 2007. Ilianza polepole, kisha Tigo Pesa na Airtel Money zikaingia, na kuanzia 2014 mitandao ya hapa ikaanza kuruhusu pesa kuvuka kutoka kampuni moja hadi nyingine, jambo lililokuwa geni duniani. Pesa ambayo kaka alikuwa anaifunga kwenye bahasha na kumpa kondakta sasa ilifika kabla basi halijawashwa.

Huruma ilipata lugha mpya. Kutuma elfu kumi ni jambo moja. Kutuma elfu kumi "na ya kutolea" ni jambo lingine, maana mtumaji amefikiria mpaka ile ada ambayo mama angekatwa kwa wakala. Watu huikumbuka tofauti hiyo. Julai 2021 serikali ilipoanzisha tozo ya miamala, malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba miezi miwili haikupita tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na kufikia 2023 ikaondolewa kwenye kutumiana pesa. Wachambuzi waliongelea mapato ya serikali. Mitaani watu waliongea kama walioguswa ndani ya nyumba zao, na walikuwa sahihi: iliyotozwa ilikuwa pesa ya dawa ya bibi na ya sare ya mpwa.

Mchumi Emma Riley alichapisha mwaka 2018 utafiti uliotumia takwimu za kaya za Tanzania, akitazama vijiji vilivyopigwa na ukame au mvua za kupita kiasi. Kaya zilizotumia pesa za mtandao hazikupunguza matumizi yao, kwa kuwa ndugu wa mbali walituma. Kaya za kijiji hicho hicho zisizotumia huduma hiyo ziliumia. Msaada uliokuja kupitia simu haukumwagikia kwa jirani. Matokeo haya yananitia mashaka kila nikiyafikiria. Pesa ya bahasha ilipita mikononi mwa watu, na kila mkono ulijua. Mwenye kuingiza mchele ndani alionekana akiingiza, na jirani alikuwa na haki ya kubisha hodi na bakuli. Pesa inayoingia kimyakimya kwenye simu humwokoa mpokeaji, naye asipotaka kusema hakuna wa kumuuliza.

Ukimya huo ulifungua mlango mwingine. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ulipoanza kusambaa, ulifanikiwa kwa sababu ulimkuta mtu peke yake. Enzi za barua, tapeli angelazimika kumdanganya msomaji pia. Sasa mama wa Chamazi anayesubiri kumtumia mwanawe ada anaona ujumbe unaofanana na alioutarajia, anatuma, na hakuna aliyesimama kando kumwambia: hebu mpigie kwanza. Serikali ilijibu kwa kudai alama za vidole: kuanzia 2019 laini zilisajiliwa upya kwa kitambulisho cha taifa, na baada ya 20 Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Jumbe hazijaisha. Wakala mzuri, yule anayemwangalia mteja usoni na kuuliza "unamjua unayemtumia?", bado ni kinga ambayo mfumo haujaipatia mbadala.

Mapenzi nayo yalihama kutoka barazani. Mwaka 2013 Laura Stark, mtafiti kutoka Finland, alichapisha makala juu ya simu na uhusiano wa kimapenzi wenye kubadilishana mali katika mitaa ya kipato cha chini ya Dar es Salaam. Simu iliwawezesha wasichana na wanaume kupatana bila macho ya wazazi na majirani, na simu yenyewe na vocha vikawa zawadi ya kuanzia. Ni rahisi kusoma kazi kama hiyo na kuililia enzi ya mshenga. Sitaki kufanya hivyo. Yule mtu wa tatu aliyelinda ahadi ndiye pia aliyemlinda binti kama mali, na wanawake wengi waliozwa kwa makubaliano ambayo wao hawakuulizwa. Mwanamke anayeweza kumpigia shangazi usiku na kusema "njoo unichukue", bila mume kujua hadi gari lifike, amepata kitu ambacho barua ya kusomewa na mtoto wa jirani isingempa kamwe. Ninachosema ni kwamba faragha ilikuja na gharama, na gharama hiyo haikulipwa sawasawa: mvulana aliyeahidi ndoa kwa ujumbe wa simu hana wa kumuuliza, na msichana aliyebaki na mimba ana ujumbe ambao simu ikiibiwa Rangi Tatu umeondoka nao.

Waya wa SEACOM ulitua Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ikashuka bei kidogo kidogo, na simu janja zikafika hata mikononi mwa waliobaki na kiswaswadu kwa ajili ya chaji. Watu wa pembezoni walipopata WhatsApp, walianza na makundi: ukoo, darasa la saba la mwaka fulani, wapangaji wa zamani, kikoba, kamati ya harusi, msiba wa mzee wetu. Ndani ya kundi la mchango, katibu anabandika orodha yenye namba, majina, ahadi na kilicholipwa. Kila anayelipa, orodha nzima inabandikwa upya ikiwa na jina lake. Wakubwa wanatajwa kwanza. Aliyeahidi laki na kulipa elfu ishirini anaonekana, na asiyeonekana kabisa anaonekana zaidi.

Nikiziona orodha hizo nazikumbuka kadi za RTD. Watu waliopewa chombo cha kuzungumza wawili wawili walikichukua wakakirudisha hadharani, wakamrudisha shahidi. Tofauti zipo na ni kubwa. Redio ilimsalimu mama bila kumdai kitu. Kundi la mchango humsalimu kwa kumpigia hesabu. Mtu wa kundi anaweza kujitoa, na neno "ameondoka" linalobaki kwenye kioo limevunja koo kadhaa ambazo ugomvi wa barazani ungezipatanisha kwa sahani moja ya wali. Tena kundi linawaacha nje wasio na simu janja, ambao katika nyumba nyingi ni bibi na wasichana wa kazi.

Huku Chamazi habari ya kifo husambaa leo kwa njia tatu kwa pamoja. Kipaza sauti cha msikiti hutangaza jina na saa ya maziko. Mjumbe wa shina hupita nyumba kwa nyumba. Kundi la WhatsApp hupeleka picha ya marehemu, namba ya kutuma rambirambi na jina litakalojitokeza ukituma. Wasio na simu wanasikia kwa njia ya kwanza, wageni wa mtaa wanafikiwa kwa ya pili, walio Mwanza na Muscat wanapata kwa ya tatu. Ndugu hupiga simu kuuliza kama bado wanaweza kuwahi, na anayejibu huwa mtu aliyekaa mkekani pale uani, anayeweza kutazama na kuwaambia kaburi limefika wapi.

Tafiti nyingi juu ya mambo haya zimefanywa na wageni, kwa bidii na mara nyingi kwa haki. Wengi waliuliza watu wanafanya nini na simu. Lakini wazee waliowahi kutuma kadi za salamu nao wapo wa kuulizwa, wana miaka sabini na themanini, na baadhi yao wanaishi hapa hapa kwa watoto wao waliohamia kutoka mjini. Wanakumbuka ni nani walimtaja kwanza na ni nani waliyemwacha, na kwa nini. Mwanafunzi wa shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwenye kinasa sauti na nauli ya Mbande anaweza kuanza nao wiki hii.